Ukinunua Ruta, Usihesabu Antena. Hesabu Miaka ya Matunzo

Leo tuongee kuhusu kile kiboksi chenye taa kinachokaa juu ya kabati au nyuma ya TV, ambacho hatukikumbuki mpaka intaneti ikate. Ndiyo, ruta. Wengi wetu tunaoza simu ya maana, tunanunua taa za kupigia picha, tunalipia matangazo, halafu ikifika kwenye ruta tunasema "nipe yoyote ya bei chee". Na kila oda, kila namba ya mteja, kila ujumbe wa "nimeshalipa" unapita humo humo.

Mimi niko Lushoto, nauza jamu, asali na viungo vilivyokaushwa kwa oda za WhatsApp na Instagram. Mzigo unashuka na basi mpaka Mombo, unaendelea Tanga au Dar. Kwa sababu napenda mambo ya mitandao, wauzaji wenzangu wa hapa mjini, Soni na Magamba huwa wananiuliza: "Ninunue ruta gani?" Jibu langu halianzi na jina la kampuni. Linaanza na swali: hiyo ruta itaendelea kutunzwa na aliyeitengeneza mpaka mwaka gani?

Soma mpaka mwisho, kuna hesabu ya pesa humu na kuna maswali ya kumuuliza muuza duka kabla hujatoa hela.

Ndani ya ruta kuna nini?

Ruta ni kompyuta ndogo. Ina programu yake ya ndani inayoiendesha, mafundi wanaiita fimwea. Ndani ya hiyo fimwea kuna kazi moja muhimu inaitwa faiawoli. Fikiria mlinzi wa getini. Wewe ukituma kitu nje, anaandika kwenye daftari lake, na jibu likirudi anaruhusu liingie. Kitu kikija kutoka nje ambacho hakuna mtu wa ndani aliyekiita, anakizuia.

Karibu kila ruta ya nyumbani ina mlinzi huyu. Kwa hiyo muuza duka akikwambia "hii ina faiawoli", hajakudanganya, ila hajakwambia kitu kipya pia. Suala ni kwamba programu zote zina makosa, na makosa mengine yanageuka kuwa matundu ya kupitia. Tundu likigunduliwa, mtengenezaji mzuri anatoa fimwea mpya ya kuliziba. Mtengenezaji aliyeachana na modeli hiyo hatoi kitu. Mlinzi wako bado amesimama getini, lakini wezi wote wanajua mlango wa nyuma uko wapi.

Ndiyo maana nasema ruta siyo kama sufuria. Sufuria ukinunua umemaliza. Ruta unanunua pamoja na huduma, na huduma hiyo ina tarehe ya mwisho hata kama haijaandikwa kwenye boksi.

Dada wa Soni na simu isiyokuwa na kosa

Kuna dada mmoja Soni anauza viazi na karoti kwa jumla, wateja wake wengi wako Dar. Simu yake ilianza vituko. Akifungua kurasa za kawaida, anapelekwa kwenye kubeti na matangazo ya ajabu. Kuna siku alifungua ukurasa wa barua pepe, ukaja unaofanana kabisa lakini simu ikatoa onyo kwamba muunganisho si salama.

Akaenda kwa fundi simu. Fundi akamwambia, "Dada, hii ina virusi, tuifute yote ianze upya." Ikafutwa. Siku mbili baadaye vituko vikarudi. Ikafutwa tena. Mara ya pili ndiyo ikaondoka na majina ya wateja ambayo hayakuwa yamehifadhiwa popote pengine. Wateja wa miaka mitatu. Alikaa wiki nzima anasubiri wao wamtafute, kwa sababu yeye hakuwa na namba zao tena.

Alipokuja kwangu nilimwomba afanye jambo moja tu: zima waifai, washa data ya bando, fungua ukurasa ule ule. Ukafunguka safi. Washa waifai tena, vituko vimerudi. Kompyuta ya mwanaye nayo ikiwa kwenye waifai hiyo, vituko vile vile. Basi simu haikuwa na kosa. Mgonjwa alikuwa ruta, ya mtumba, yenye paswedi ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kilichotokea ni hiki. Ukiandika jina la tovuti, simu inaiuliza ruta namba ya hiyo tovuti, kama kuuliza kwenye kitabu cha simu. Kitabu hicho kinaitwa DNS. Mtu alikuwa amebadilisha kitabu ndani ya ruta, kwa hiyo kila mtu aliyeuliza njia alipewa njia ya mwizi.

Shika hiki kipimo, hakina gharama: kitu kikisumbua kwenye waifai na kikawa sawa kwenye bando, usifute simu. Angalia ruta kwanza. Na onyo la "muunganisho si salama" likitokea ukiwa unaingia kwenye akaunti yoyote, usibonyeze kuendelea. Funga.

Siyo hadithi ya Soni peke yake

Huko Brazil, mwaka 2011 na 2012, modemu za nyumbani zaidi ya milioni 4.5 zilibadilishwa DNS kwa mtindo huo huo. Zilikuwa za watengenezaji kadhaa. Watu waliandika majina sahihi ya tovuti wanazozijua, wakaletewa kurasa bandia zilizotaka maelezo yao ya benki au zilizowapakulia programu hasidi. Mtu anaweza kuwa makini sana na bado akaibiwa, kwa sababu aliyempotosha alikuwa ndani ya nyumba yake.

Chukua na hili la karibuni. Machi 2023, TP-Link ilitoa marekebisho ya tundu kwenye ruta yake ya Archer AX21. Aprili 2023 watafiti wakaona tayari wahalifu wanalitumia tundu hilo kuziteka ruta ambazo hazijasasishwa. Wiki chache tu. Aliyesasisha alikuwa salama na tundu lile, aliyeacha alibaki wazi, na wote wawili walinunua kiboksi kile kile.

Halafu kuna zile ambazo hazina tena wa kuzitibu. Juni 2025, CISA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao, iliweka kwenye orodha yake ya matundu yanayotumiwa na wahalifu tundu la matoleo ya zamani ya TL-WR740N, TL-WR841N na TL-WR940N. Wengi mnazijua hizi, zile nyeupe za antena moja, mbili au tatu. Mwezi mmoja kabla, Mei 2025, FBI ilitoa onyo kuhusu ruta za zamani zikiwemo Linksys E1200 na E2500. Wahalifu walikuwa wanaziteka na kuwauzia wahalifu wengine kama njia ya kujificha. Yaani mtu anafanya uhalifu mbali huko, lakini alama za mtandao zinaonyesha umetokea kwako.

Kwa mfanyabiashara hilo si jambo dogo. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hakuna anayetaka kuanza kueleza kwamba "siyo mimi, ni ruta".

Maswali sita kabla ya kutoa hela

Sisi wa milimani tuna shida ya ziada. Ruta nyingi tunaagiza Dar, inakuja na basi. Ikifika ukakuta siyo, kurudisha ni nauli ya mzigo tena, kusubiri tena, na mara nyingi ni maneno tena. Kwa hiyo maswali yaulizwe kabla, kwa WhatsApp, na majibu yaje kwa picha.

1. Modeli kamili ni ipi, na toleo lake la kiwandani ni lipi?
Omba picha ya stika ya chini ya ruta. Jina la mbele ya boksi halitoshi. Modeli moja inaweza kuwa na matoleo mengi, mara nyingi yameandikwa V1, V2, V3 na kuendelea. Kwa nje zinafanana kama mapacha, kwa ndani ni vifaa tofauti na kila moja ina fimwea yake. V1 inaweza kuwa imeshaachwa wakati V4 bado inatunzwa.

2. Fimwea ya mwisho ilitoka lini?
Hili usimuulize muuza duka, litafute mwenyewe. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya msaada, andika modeli na uchague toleo lile la kwenye stika. Utaona orodha ya fimwea na tarehe zake. Ikiwa ya mwisho ni ya miezi michache iliyopita, vizuri. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma, hiyo ruta ni yatima.

3. Itatunzwa mpaka lini?
Watengenezaji wengine wana orodha ya bidhaa walizoacha kuzitunza, angalia kama yako imo. Kuna na mbinu nyingine. Uingereza ina sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 29 Aprili 2024, inayomlazimu mtengenezaji wa vifaa vya intaneti vya nyumbani aseme wazi ni kwa muda gani atatoa masasisho ya usalama. Sheria hiyo inaitwa PSTI. Tafuta jina la modeli yako pamoja na neno PSTI, mara nyingi utapata hati yenye tarehe. Hakikisha tu ni modeli na toleo lile lile. Umoja wa Ulaya nao una sheria yake ambayo sehemu kubwa itaanza kubana tarehe 11 Desemba 2027, na kwa kawaida itataka matunzo ya angalau miaka mitano. Sheria hizo si zetu, lakini taarifa zinazotolewa kwa sababu yake tunaweza kuzisoma bure.

4. Inajisasisha yenyewe?
Tuwe wakweli, nani kati yetu ataingia kwenye ruta kila mwezi kukagua? Siku ya mzigo mkubwa hata chai hatunywi. Chagua ruta yenye kusasisha kiotomatiki, na unaiwekea saa za usiku.

5. Paswedi ya kuingilia ni ya kila ruta au ni moja kwa zote?
Zile zinazotoka kiwandani na "admin" na "admin" ni za kuogopa. Nzuri ni ile yenye paswedi yake ya pekee kwenye stika, au inayokulazimisha kuweka mpya mara ya kwanza unapoiwasha.

6. Ina nembo ya kampuni ya simu ya nchi nyingine?
Hili ni kwa wanaonunua used za Dubai na Ulaya. Ruta iliyotengenezewa kampuni ya intaneti ya ng'ambo mara nyingi inapata fimwea kupitia kampuni ile tu. Ikishatoka kwenye mtandao wao imekatwa kitovu. Itawaka, itatoa waifai, lakini hakuna atakayeiletea dawa.

Nimewahi kumuuliza muuza duka mmoja swali la tatu. Akanijibu, "Kaka, hii kali, antena nne hizi!" Nikarudia, itapata masasisho mpaka lini? "Wewe washa tu, haina shida." Sikununua. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, hakuna mteja aliyewahi kumuuliza. Tukianza kuuliza wote, wataanza kujua majibu.

Hesabu ya pesa

Sasa tuje kwenye lugha yetu. Tuchukue mfano, bei hizi ni za kupigia hesabu tu.

Ruta A ni Sh 60,000 na imebakiza mwaka 1 wa matunzo. Gawa: Sh 60,000 kwa mwaka.

Ruta B ni Sh 150,000 na ina miaka 5 ya matunzo mbele yake. Gawa: Sh 30,000 kwa mwaka.

Ile "ya bei chee" ni ghali mara mbili. Na hapo hatujaweka siku za biashara kusimama. Sisi tunaouza tunajua hesabu hii vizuri, ukinunua gunia la viazi unaangalia na vilivyooza ndani yake, huangalii bei ya gunia peke yake. Fanya hivyo hivyo: bei gawanya kwa miaka ya matunzo iliyobaki. Kama miaka iliyobaki ni sifuri, hata ukipewa bure usiichukue kwa kazi ya biashara.

Ipi inakufaa?

Biashara hazilingani, kwa hiyo nagawa kwa hali.

Una kiboksi cha kampuni ya intaneti. Kama umeungiwa faiba au umechukua ruta ya laini ya kampuni ya simu, mara nyingi wao ndio wanaosimamia fimwea yake. Piga huduma kwa wateja uulize mambo mawili: mnaisasisha wenyewe? Na hii modeli bado inatunzwa? Kama majibu ni ya kuzungukazunguka, nunua ruta yako ndogo inayotunzwa, iunganishe nyuma ya hiyo yao kwa waya, na vifaa vyako vyote vya biashara viunganishwe kwenye ya kwako. Hapo unakuwa na mlinzi wako mwenyewe. Zile ruta ndogo za mfukoni za laini nazo zina fimwea, kwa hiyo maswali ni yale yale.

Uko peke yako, simu mbili na kompyuta moja. Ruta ya kawaida ya nyumbani inatosha, ya kampuni yoyote inayopita maswali sita. Huhitaji kitu cha gharama. Usilipie antena wala kasi ambayo bando lako halifikii.

Una fundi wa kuaminika. MikroTik kutoka Latvia ni maarufu sana kwa mafundi wetu. Faida yake ni kwamba programu yake, RouterOS, inatolewa kwa familia nzima ya vifaa vyake na masasisho ni ya mara kwa mara. Lakini ina mambo mengi ya kuchezea, na fundi akiifungua vibaya inakaa wazi. Mwaka 2018 kuna tundu la RouterOS lililozibwa Aprili, na miezi kadhaa baadaye bado ruta laki kadhaa duniani zilikuwa zinatekwa kwa tundu hilo hilo, kwa sababu wenyewe hawakusasisha. Kwa hiyo ukifungiwa MikroTik, mwambie fundi akuonyeshe jinsi ya kusasisha kabla hajaondoka. Na paswedi ibaki kwako, si kwake peke yake.

Una ruta ya zamani iliyoachwa na mtengenezaji. Kuna programu huria inaitwa OpenWrt, ilianza mwaka 2004, inatunzwa na watu wa kujitolea na inaweza kuipa ruta maisha mapya. Tovuti yao ina orodha ya vifaa vinavyokubali, tafuta modeli na toleo lako humo kabla hujagusa chochote. Usidhani kila ruta inawezekana. Zile TL-WR841N nyingi za zamani zina hifadhi ya MB 4 na kumbukumbu ya MB 32, matoleo ya sasa ya OpenWrt hayatoshei humo. Hiyo iache ipumzike. Ila kama unanunua ruta mpya, kuikuta kwenye orodha ya OpenWrt ni bima nzuri: mtengenezaji akiiacha kesho, kuna mwingine wa kuipokea.

Una duka, wafanyakazi, kamera na wageni wa kulala. Hapa unaweza kufikiria faiawoli kamili kwenye kompyuta ndogo. OPNsense ni programu huria ya bure, ilianza mwaka 2015, inatoa matoleo makubwa mawili kila mwaka na masasisho madogo katikati. Inataka kompyuta ya biti 64 yenye sehemu mbili za waya wa mtandao. Usiambiwe tu "chukua kompyuta yoyote ya zamani". Kompyuta ya mezani inayokula wati 60, ikiwaka saa 24, kwa siku 30 inakula uniti 43.2 za LUKU. Kompyuta ndogo ya wati 10 inakula uniti 7.2. Tofauti hiyo utailipa kila mwezi.

Ikishafika, fanya haya siku hiyo hiyo

Kwanza, sasisha fimwea kabla ya kuunganisha vifaa vingine. Chukua fimwea kwenye tovuti ya mtengenezaji tu. Usikubali ya kwenye flashi ya mtu au ya kwenye kundi la Telegram, hata kama ni bure na wanasema "imeboreshwa".

Pili, angalia umeme. Ruta ikikatikiwa umeme katikati ya kusasisha inaweza kufa kabisa isiwake tena. Huku kwetu mvua ikishaanza kupiga na radi juu ya Magamba, siyo muda wa kusasisha. Ngoja kutulie, au weka ile betri ndogo ya ruta, ambayo pia itakusaidia oda zisikate umeme ukiondoka.

Tatu, badilisha paswedi mbili. Ya waifai na ya kuingilia kwenye ruta yenyewe ni vitu viwili tofauti, wengi wanabadilisha ya kwanza tu. Ziandike kwenye daftari la biashara, usizibandike ukutani.

Nne, zima usimamizi wa mbali, ule unaomruhusu mtu kuingia kwenye mipangilio ya ruta akiwa nje ya nyumba. Zima na WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila paswedi.

Tano, washa waifai ya wageni. Huku tuna nyumba nyingi zinazopokea watalii, na hata usipokuwa na mtalii una watoto wa jirani. Wageni wakae kwenye yao, simu ya oda na kompyuta ya mahesabu zikae kwenye ya kwako.

Sita, weka ukumbusho kwenye simu kila tarehe 1 ya mwezi: "kagua ruta". Unaangalia kama imejisasisha na kama kuna kifaa usichokijua kimeunganishwa. Dakika tano.

Ruta haizuii kila kitu

Nisikuuzie ndoto. Ruta nzuri haitamzuia tapeli anayekuandikia "tuma kwenye namba hii". Haitakuokoa ukimpa mtu zile tarakimu za WhatsApp zinazokuja kwa ujumbe. Kwa hayo, weka PIN ya hatua mbili kwenye WhatsApp yako leo, na ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040 ya TCRA, ni namba ya kuripoti utapeli. Na hifadhi majina ya wateja mahali pa pili. Dada wa Soni sasa hivi ana daftari na ana nakala kwenye barua pepe, na anaziangalia zote mbili kila Jumapili.

Kuna na upande wa wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa wajibu anayekusanya taarifa za watu azitunze salama. Wewe una jina la mteja, namba yake, mtaa anaoishi, na unajua ananunua nini kila mwisho wa mwezi. Mteja amekuamini na hayo yote ili apate kilo mbili za asali. Kuyalinda ni sehemu ya bidhaa.

Sasa kazi ya leo, kabla hujalala. Geuza ruta yako chini juu, piga picha stika, tafuta modeli na toleo lake kwenye tovuti ya mtengenezaji, na uangalie tarehe ya fimwea ya mwisho. Ukikuta ni ya karibuni, sasisha uendelee na biashara. Ukikuta ni ya miaka mingi nyuma, anza kuweka akiba kidogo kidogo kwenye kila oda mpaka ifike bei ya nyingine.

Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni, hasa yule mwenye ruta nyeupe ya zamani. Biashara njema.